Sura ya Nne: Dakika Kumi Kando ya Mafiga

Mtoto karudi. Daftari limekunjwa mara mbili ndani ya begi lililoshonwa kwa kiroba cha mbolea, penseli imechongwa kwa meno, na kifungo kimoja cha shati kimebaki huko huko shuleni. Mama yuko jikoni anapuliza moto. Anauliza swali ambalo kila mzazi huuliza: "Leo mmefundishwa nini?" Mtoto anajibu, "Kusoma." Mama anasema haya, vizuri. Mtoto anakunywa maziwa yake, anakimbilia kwa ndama, na habari za shule zimekwisha mpaka kesho saa saba mchana.

Hapo pamepotea kitu, na sura hii yote inakitafuta.

Nimeiandika nikiwa na Jorodom kichwani. Ni kata ya Wilaya ya Hanang, mkoani Manyara, chini ya mlima, jirani na mji wa Katesh. Wageni wanaokuja kupanda Mlima Hanang, wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400, wanaijua Jorodom kama jina la njia: unaanza kupanda alfajiri, ukijaliwa unarudi jioni magoti yakitetemeka. Watoto wa huko hawana habari na mita hizo. Kwao mlima ni mahali mawingu yanapolala.

Upande huu wa nchi, kuanzia Hanang hadi Mbulu, wanaisimu huuonea wivu. Kiiraqw, ambacho watu wa nje hukiita Kimbulu, ni lugha ya Kikushi, ndugu wa mbali wa Kisomali. Kidatooga cha Wabarbaig ni Kinailoti, kina udugu wa mbali na Kimaasai. Wanyaturu na Wanyiramba waliohamia kutoka Singida wanasema Kibantu. Na kule bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, wapo Wahadzabe, ambao lugha yao haijapatiwa ndugu hata mmoja. Kiswahili kinakuja juu ya hizo zote kama lugha ya mnada, ya zahanati, ya mahubiri na ya shule. Mjini Katesh utakisikia kila kona. Ukipanda kidogo kuelekea mlimani, ndani ya boma, jioni, bibi akimwita mjukuu wake, hutakisikia.

Sasa mfikirie mtoto wa miaka sita aliyelelewa na bibi huyo. Anafika darasa la kwanza na mwalimu anamwambia afungue kitabu. Tuseme sentensi ya siku hiyo ni ya kuzoeza silabi za d: *Dau la dada lipo.* Mtoto anaweka kidole, anasoma: da-u la da-da li-po. Hakukosea hata herufi moja. Darasa zima linapiga makofi ya kilo moja, mwalimu anatia alama ya vema, na jioni mama anaonyeshwa vema hiyo anafurahi. Hakuna aliyemuuliza mtoto dau ni nini. Hajawahi kuiona bahari, na wala baba yake hajaiona. *Lipo* nalo limempita, kwa sababu nyumbani kwao kitu kikiwepo kinatajwa kwa neno jingine kabisa. Katika sentensi ya maneno manne ameelewa moja tu, *dada*, na ameambiwa kwamba huko ndiko kusoma.

Hili ndilo tatizo la darasa la kwanza katika Jorodom na katika mamia ya vijiji vingine vya Tanzania. Kiswahili kinaandikwa kinavyotamkwa, ndiyo maana ni rahisi mno kukisoma bila kukielewa. Mtoto wa Uingereza akikosa kuelewa, mara nyingi hata kutamka kunamshinda, na mwalimu anaona. Wa kwetu anatiririka kama redio, na kila mtu anaridhika. Mtafiti wa Kiswidi Åsa Wedin, aliyekaa katika madarasa ya Karagwe, Kagera, miaka ya mwanzo ya 2000, aliikuta hali hiyo hiyo kwa watoto wanaosema Kinyambo nyumbani: mwalimu anaanzisha neno, darasa zima linaitikia kwa pamoja, somo linakwenda vizuri, na mtoto aliyejificha ndani ya kiitikio hajulikani kama ameelewa au anafungua kinywa tu.

Majirani zetu wamejaribu njia nyingine. Sera ya Kenya, tangu ripoti ya Tume ya Gachathi ya 1976, inataka mtoto aanze kwa lugha ya eneo lake katika miaka mitatu ya mwanzo. Uganda ilianza mtaala wa aina hiyo 2007. Utekelezaji wake, kote kuwili, umejaa mashimo: vitabu hakuna, walimu wanahamishwa, na wazazi wa mijini wanataka Kiingereza toka chekechea. Tanzania ilichagua Kiswahili kwa wote, na mimi si miongoni mwa wanaolaani uchaguzi huo. Nchi yenye lugha zaidi ya 100 imepata lugha moja ya kugombania na kupatania. Ila gharama yake inalipwa na mtu maalumu, na mtu huyo ana miaka sita, amekaa dawati la nyuma, na hakuulizwa.

Basi mzazi afanye nini?

Kosa la kwanza ambalo wazazi wenye nia njema hulifanya ni kuifukuza lugha ya nyumbani. Wanasikia kwamba mtoto hajui Kiswahili, wanaamua kuanzia leo humu ndani ni Kiswahili tu. Sasa mama ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni, cha "shilingi ngapi" na "punguza kidogo", anaanza kuzungumza na mwanawe kwa lugha hiyo hiyo ya kupunguziana bei. Hadithi zimekoma, kwa sababu hadithi anazijua kwa Kiiraqw. Utani umekoma. Kumweleza mtoto kwa nini ng'ombe yule ametengwa na wenzake kumekoma pia, kwa sababu maneno hayatoshi. Nyumba imekuwa kimya kwa jina la elimu. Mtoto huyo atakwenda shule akiwa na Kiswahili cha maneno hamsini na Kiiraqw kilichodumaa, na hapo tumemnyang'anya mguu mmoja ili atembee vizuri kwa mwingine.

Kinachomsaidia mtoto kuelewa anachosoma ni uzoefu wa kufuata mazungumzo marefu: hiki kilitokea, kwa sababu ya kile, halafu yule akakasirika, ndipo akaondoka. Mtoto aliyezoea kusikia na kusimulia mambo ya namna hiyo kwa Kiiraqw au Kidatooga ana kazi moja tu darasani, nayo ni kupata maneno mapya ya vitu na fikra anazozijua tayari. Asiyezoea kwa lugha yoyote ana kazi mbili kwa mkupuo.

Kwa hiyo ninachomwomba mama aliye jikoni ni dakika kumi. Mtoto akirudi, asimuulize amefundishwa nini. Swali hilo ni kubwa mno; hata mtu mzima aliyetoka semina ya siku tatu Babati ukimuuliza hivyo atakujibu "mambo mengi". Amwambie: nisomee. Mtoto asome mistari miwili mitatu aliyoandika, kando ya mafiga, chungu kikichemka. Kisha: niambie kwa Kiiraqw inasemaje. Hapo ndipo mama, hata kama hajui herufi moja, atajua kama mwanawe anasoma au anapayuka. Mtoto akinyamaza kwenye neno, neno hilo limepatikana. Kama mama analijua kwa Kiswahili, amweleze. Kama halijui, aulizwe kaka wa darasa la tano, au mtoto atumwe kesho amuulize mwalimu, na hilo la kumuuliza mwalimu ni mafanikio makubwa kuliko neno lenyewe.

Hesabu ya dakika kumi si ndogo kama inavyosikika. Mwongozo wa serikali kwa shule za msingi ni mwalimu 1 kwa wanafunzi 45, lakini tangu elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016 madarasa ya kwanza yamefurika, na 60 au zaidi katika chumba kimoja si habari. Kipindi ni nusu saa. Mwalimu mwenye watoto 60, akiamua kumsikiliza kila mmoja akisoma peke yake na asifanye jambo jingine lolote, kila mtoto atapata nusu dakika. Mama mwenye dakika kumi jikoni amempa mwanawe usomaji wa peke yake wa vipindi 20. Hakuna mwalimu, hata awe malaika, anayeweza kushindana naye.

Kuna jambo la kutamka ambalo nalo linatesa watoto, na nyumbani linatesa zaidi kwa sababu wanaocheka ni ndugu. Kiiraqw, katika maneno yake ya asili, hakina z wala v. Mtoto akisema "fitabu" badala ya "vitabu", ulimi wake unafanya kazi yake vizuri kabisa, ila unafanya kazi ya Kiiraqw. Dada yake wa darasa la sita anaanguka kicheko, na kesho mtoto hanyooshi mkono. Ningependa dada huyo akumbushwe uchaguzi wa 2010. Daktari Wilbrod Slaa, Mwiraqw, alipogombea urais wa Tanzania, nchi nzima ililitaja jina lake kwa miezi, kwenye redio, kwenye mikutano, kwenye daladala. *Sl* ya Kiiraqw ni sauti moja, hewa ikipita pembeni mwa ulimi, Kiswahili hakina. Karibu kila mtu alilikosea jina la mgombea, mchana kweupe, na hakuna aliyechekwa. Mtoto wa darasa la kwanza naye apewe angalau msamaha huo.

Na ukienda mbali kidogo utaona mambo yanavyopindana. Kata moja ya Hanang inaitwa Masqaroda. Mtoto wa huko anafundishwa alfabeti ya Kiswahili ambayo haina *q*, kisha anaambiwa aandike jina la anakotoka. Majina mengi ya watu wa Mbulu na Hanang yana *q*, *x*, *tl*, *hh*. Mzazi anayejua kuandika jina la ukoo wake amfundishe mtoto herufi hizo mwenyewe, mapema, na amweleze kwamba ni herufi halali, ila ni za nyumbani. Vinginevyo mtoto atahisi jina lake lina kosa.

Wazazi waliosoma, nao, wana kosa lao, na hili nalisema kwa sababu nimelifanya. Sisi tuliofundishwa zamani tulianza kwa majina ya herufi: a, be, che, de. Tukaunganisha kwa kuimba: be na a, ba. Mtaala wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu ulioanza 2015, ambao walimu wanauita KKK, uliwataka waanze na sauti. Herufi *m* ni mdomo uliofungwa ukiguna, *s* ni mlio wa nyoka, na mtoto akiguna kisha akaachia *a* anapata *ma* bila kukariri. Sasa mimi nikakaa na mtoto wa ndugu yangu jioni, kwa kujiamini kwa mtu mwenye diploma, nikimsomesha *em, a, em, a*. Aliniangalia kwa huruma. Mwisho akaandika *emaema*, akanionyesha. Alikuwa amesikiliza vizuri, na nililolitaka mimi halikuwa hilo. Tangu siku ile, kabla sijamfundisha mtoto yeyote herufi, namwambia anifundishe yeye kwanza wanavyosema shuleni. Jaribu. Mtoto anayemfundisha mtu mzima hukaa wima.

Kuhesabu ni habari nyingine, na hapa Jorodom haina cha kuomba kwa mtu. Mtoto wa miaka sita anayechunga ndama huwa hahesabu mmoja mmoja anaporudi. Anatazama tu, anajua yule mwenye baka jeupe hayupo. Anajua na aliyekuwa naye mara ya mwisho, na bonde gani. Shuleni mtoto huyo huyo anaulizwa 7 toa 1 anabaki ameduwaa, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba alichokifanya jana zizini kinaitwa kutoa. Baba ndiye wa kumwambia. Wakati wa kufunga zizi: walitoka wangapi? Wameingia wangapi? Wangapi bado? Ahesabu kwanza kwa Kiiraqw, *wak, tsar, tam*, kisha arudie kwa Kiswahili. Anayejua kuhesabu kwa lugha mbili amegundua siri ambayo wengine huichelewa, kwamba idadi ni moja na majina ni mengi. Jikoni pia zipo punje za mahindi, vizibo vya soda na maharage ya kuchambua. Mpe sahani: tenga kumi kumi. Vifaa vya hesabu vya dukani sina ugomvi navyo, ila punje za mahindi zinafanya kazi ile ile, na ukimaliza unazipika.

Sasa tuje kwenye mambo ambayo wataalamu wa elimu huyapita haraka, kwa sababu hayana jina zuri. Muhula wa kwanza hufunguliwa Januari, na Januari huku ni mwezi wa jembe. Mvua zinanyesha, mahindi na maharage yanataka palizi, watu wazima wanatoka alfajiri. Ghala nalo limeanza kuonyesha sakafu, maana mavuno mapya yako mbali. Yaani mtoto anaanza shule katika wiki ambazo nyumba ina kazi nyingi na chakula kidogo kuliko wakati wowote wa mwaka. Anaamshwa gizani, anatembea kwenye umande, tope limemfika kwenye mashavu ya miguu, hajatia kitu tumboni tangu jana usiku. Saa nne anasinzia juu ya silabi za *p*. Ripoti ya muhula itasema "ajitahidi".

Serikali ilipotangaza elimu bila malipo ilibakiza kwa mzazi sare, madaftari na chakula cha mtoto. Vijijini wengi walisikia nusu ya kwanza ya tangazo. Kamati ya shule ikiomba debe la mahindi kwa ajili ya uji, utasikia: si walisema bure? Mimi nasema hivi: kama una uwezo wa jambo moja tu mwezi wa Januari, toa mahindi ya uji kabla ya kununua begi. Kama shule haina uji, kiporo cha ugali na maziwa asubuhi kinatosha. Na mtoto alale mapema. Taa ya sola imekuwa neema kubwa bomani, ila imeleta na simu inayochajiwa usiku kucha, na mtoto wa miaka sita anayetazama video hadi saa tano usiku hana tofauti na asiyekula. Simu hiyo hiyo ina matumizi bora kidogo mchana: Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada kwenye maktaba mtandao, vinasomeka bure, na vibonzo vya Ubongo vinavyotengenezwa Dar es Salaam vimefundisha watoto wengi kuhesabu kwa Kiswahili cha kueleweka. Nusu saa, kisha simu irudi kwa mwenyewe.

Kuhusu baba, nina neno moja la ziada. Katika jamii ya wafugaji baba huuza ng'ombe bila kusita mtoto anapochaguliwa kwenda sekondari. Ni sadaka kubwa, naiheshimu. Lakini mtoto yule yule, miaka saba kabla, aliomba penseli akaambiwa asubiri mnada. Wengi wa wanaoshindwa sekondari walishindwa darasa la kwanza. Ilichukua muda tu kujulikana.

Sisemi hayo kwa hisia tu. Mwaka 2010 wapimaji wa Uwezo, mpango wa kupima kama watoto wanajua kusoma, walipoanza kupita nyumba kwa nyumba Tanzania, walimpa kila mtoto karatasi: silabi, maneno, kisha hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Kati ya watoto 10 wa darasa la tatu, karibu 3 tu ndio walioweza kuisoma hadithi ya Kiswahili. Wote hao walikuwa wameandikishwa, wengi na sare zao. Kilichonivutia katika kazi ile ni mahali ilipofanyikia: mlangoni kwao, mama akisikiliza. Wazazi wengi walisikia kwa mara ya kwanza, kwa masikio yao, kwamba mtoto wa darasa la tatu hasomi. Hakuna kinachomzuia mzazi wa leo kufanya upimaji huo mwenyewe kila Jumapili, kwa ukurasa wowote, bila kumsubiri mtu wa kutoka Dar es Salaam.

Wenye uwezo kidogo wana kishawishi cha kununua suluhisho. Tuisheni ya darasa la kwanza naiona kuwa ni kumwongezea mtoto aliyechoka saa moja ya kile kile kilichomchosha. Bweni ndilo baya zaidi. Serikali, kwa waraka wa Kamishna wa Elimu wa 2023, ilisimamisha bweni kwa watoto wa Awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Wapo wazazi walionung'unika. Mimi nilishusha pumzi. Mtoto wa miaka sita anayeoga kwa filimbi na kulala kwa kengele hana mtu wa kumwambia "nisomee" akiwa amekaa naye kando ya moto.

Na bibi? Watu humtaja bibi wa kijijini kana kwamba ni upungufu: mtoto analelewa na bibi, basi tena. Bibi wengi wa umri huo walikuwa wasichana Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa wa Elimu ya Watu Wazima, na baadhi yao walikaa chini ya mti kwenye madarasa ya kisomo, chaki mkononi, mtoto mgongoni. Wanajua ugumu wa herufi ya kwanza kuliko sisi tulioisahau. Na hata ambaye hakugusa kisomo ana hadithi. Amsimulie mjukuu habari za John Stephen Akhwari, mwana wa Mbulu, aliyeanguka na kuumia goti katika mbio za marathoni za Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akamaliza wa mwisho gizani, bendeji mguuni. Asimulie kwa Kiiraqw usiku. Asubuhi mtoto amsimulie kaka yake kwa Kiswahili, akiparaganya. Nijuavyo, hilo ni zoezi la lugha lenye thamani kuliko karatasi kumi za kujaza nafasi zilizoachwa wazi.

Sitaondoka Hanang bila kutaja watoto walioanza shule mwaka 2024. Asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe vilishuka kutoka mlimani vikafunika sehemu ya Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Wiki chache baadaye, Januari 2024, shule zilifunguliwa, na ulikuwa mwaka wa kwanza wa mtaala ulioboreshwa kwa Awali, darasa la kwanza na la tatu. Watoto walioanza shule mwezi ule walipokea vitabu vipya huku mvua ikinyesha juu ya bati, na kila mvua ilipozidi macho yao yalikwenda mlimani. Mtoto aliyebeba jambo kama lile hana nafasi ya silabi mpaka alitue, na hawezi kulitua kwa lugha ambayo ana maneno hamsini tu. Atalisema kwa lugha ya mama yake au hatalisema. Nyumba ambazo zilikuwa na desturi ya kumsikiliza mtoto jioni zilikuwa na pa kuanzia.

Limebaki jambo la mwalimu. Mwalimu wa darasa la kwanza hatakuja kwako; ana watoto 60, na pengine darasa la pili pia ni lake. Siku ya mnada wa Katesh, ukishuka kuuza mbuzi, pita shuleni. Huhitaji kuitwa kwa kikao cha michango ndipo ufike. Msalimie, mpe pole ya kazi, kisha muulize mambo mawili: mwanangu huwa anasema darasani, au anaitikia tu? Na silabi zipi bado zinamsumbua? Mwambie na wewe anachojua mtoto nyumbani, kwamba anahesabu ndama, kwamba anasimulia vizuri kwa Kidatooga, kwamba anaogopa mvua. Mwalimu aliyepangiwa Hanang kutoka Kilimanjaro au Mbeya hana njia nyingine ya kuyajua hayo. Nenda na daftari la mtoto mkononi, hata kama limekunjwa mara mbili.